Maji ya Ukuta wa Namba Nane

Kitengela,
18 Juni 2023

Kwa Baba Mdogo Githongo,

Uko salama huko Kajiado? Kifua kinasemaje? Sisi huku ni wazima, isipokuwa tunakula vumbi asubuhi, mchana na jioni. Mama anakusalimia. Magoti yake bado yanamsumbua, lakini kanisani hakosi, na akifika huko anasimama kuliko sisi wenye magoti mazima. Duka langu la chakula cha kuku linaenda polepole. Watu wameuza kuku kwa sababu ya ukame, sasa nani atanunua chakula?

Nimempa Lemein barua hii. Bado analeta nyasi huku na pickup yake, kwa hivyo jibu umpe yeye. Ningekupigia simu lakini ni nani atasikia? Na nikituma ujumbe kwa simu ya rafiki yako Mzee Simel utasema herufi ni ndogo kama mayai ya chawa, na ati majirani wanasoma mambo yako. Basi nimeandika kubwa kubwa, kama mtoto wa nasari. Usinicheke.

Sasa habari ya ploti yako ya kupangisha. Baba Mdogo, ukija hutaijua! Mifereji yote iliyoliwa na maji ya chumvi ya kisima tumetoa, tumeweka ya plastiki. Vyumbani kuna vigae. Na ule ua wako wa matope tumeufunika na kabro, matofali ya zege, kutoka geti hadi ukutani, mbele na nyuma. Wapangaji wapya wanaingia na viatu vyeupe na kutoka navyo vikiwa vyeupe. Kwa yale maghorofa mapya yanayojengwa pande zote, bila hivyo tungebaki na panya peke yake.

Rebecca wa namba nane, yule wa kushona shanga, amejifungua mtoto wa kiume. Wamemwita Koinet. Mlango wake umeanza kubana kidogo chini. Fundi Muturi ameupiga msasa, sasa unafunga.

Ni mimi,
Mwihaki


Kajiado,
2 Julai 2023

Maitu Mwihaki,

Wewe uliyebeba jina la mama yangu, nakusalimu kama mama na nakukaripia kama mtoto. Mwandiko wako ni mkubwa kweli, hata mbuzi wangu wameusoma. Kifua kiko sawa. Hewa ya huku ni kavu, inanifaa, ingawa inaua nyasi. Masikio ndiyo yamekwisha kabisa. Jumapili nilimwambia Simel kwa siri kwamba mhubiri anarefusha, na kumbe kanisa zima lilinisikia. Simel hajaacha kucheka mpaka leo. Kila asubuhi ananisimamia mlangoni, naona midomo yake inasema supa, salamu ya kwao, nami najibu ipa, hata kama pengine ameniambia nyumba inaungua.

Nimefurahi kwa vigae. Nimefurahi kwa mifereji. Mpe Rebecca pole na hongera, nikija nitamletea mtoto blanketi.

Lakini umesema kabro imefika ukutani, mbele na nyuma. Hata nyuma ya namba nane? Niko na swali moja na unijibu hilo peke yake: maji ya kufua mnamwaga wapi? Unakumbuka sheria ya marehemu Mama Mdogo wako. Kila mpangaji akimaliza kufua, beseni linamwagwa polepole kando ya ukuta wa nyuma. Si barabarani, si kwa mtaro. Wakati wa kiangazi hata maji ya kuoshea vyombo. Watu walidhani ni sheria ya mwanamke mkali. Ilikuwa sheria yangu, yeye aliisimamia tu.

Niambie inafuatwa.

Githongo


Kitengela,
20 Agosti 2023

Kwa Baba Mdogo,

Nisamehe kwa kukawia. Mama alikuwa na homa, halafu Lemein naye alipotea, kumbe alikuwa anatafuta nyasi hadi pande za Namanga. Mama sasa amepona, anadai chai kama kawaida. Hapa kuna jua baya. Upepo unatoka ule upande wa Kona Baridi na kupiga mabati mchana kutwa, na ardhi kwa ploti zisizojengwa imepasuka hadi mbuzi wa jirani alivunja mguu ndani ya ufa.

Juzi kitu cha ajabu kimetokea. Rebecca alikuwa ameketi na mtoto, mchana mweupe, na kioo cha dirisha la mbele kikapasuka chenyewe. Hakuna aliyekigusa, hakuna jiwe. Kilipiga kama bunduki. Nashukuru Mungu mtoto alikuwa amelala upande wa pili. Muturi amesema fremu imejikunja na kioo kingine hakitakaa, kwa hivyo ameziba dirisha na kipande cha bati kwa sasa. Kuna giza mle ndani, lakini Rebecca si mtu wa kulalamika.

Pia kuna ufa kwa kona ya nyuma, kutoka chini hadi kwa lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Kidole kinaingia. Tumejaza simiti na kupaka rangi ile ya krimu, imependeza. Mlango umepigwa msasa mara nyingine.

Sheria za Mama Mdogo tunazikumbuka, usiwe na wasiwasi.

Muturi anauliza, na mimi pia nauliza: namba nane mlichimba msingi ukaenda chini kiasi gani? Anasema zile zingine saba ziko sawa kabisa, hata mstari mmoja hazina. Ni hiyo ya mwisho tu.

Mwihaki


Kajiado,
3 Septemba 2023

Maitu,

Pole kwa Mama, mwambie apunguze majani ya chai, moyo wake si wa msichana. Huku tumepoteza mbuzi wawili. Simel amehamisha ng'ombe, amebaki na wachache waliokonda, anawapigia mluzi nisiousikia. Jioni tunaketi nje, yeye anaongea, mimi naangalia midomo. Ni urafiki mzuri, hatugombani.

Alikuja na gazeti akanionyesha. Wanasema mwaka huu baada ya ukame kutakuwa na mvua kubwa sana, ya kuanzia Oktoba. Wewe umesikia?

Muturi ashughulike na msasa wake. Nilijenga hiyo ploti kabla yeye hajaota ndevu. Zile saba zilijengwa na fundi mmoja, na ile ya nane niliongeza baadaye, pale chini, kwa sababu nafasi ilikuwepo na watu walikuwa wanatafuta nyumba. Nilipomtajia Simel jambo la ufa akacheka, akasema pale penye namba nane ndipo ng'ombe wa baba yake walikuwa wanakwama kwa tope kila mvua, wakivutwa na kamba. Ati aliniambia hivyo siku aliponiuzia shamba. Simel anapenda hadithi. Wakati ananiuzia ulikuwa ukame kama huu, pale palikuwa pagumu kama sakafu ya kanisa. Hata jembe lilikuwa linaruka.

Umesema sheria mnazikumbuka. Sikukuuliza kama mnazikumbuka. Nimekuuliza maji yanamwagwa wapi. Mwihaki, hujanijibu, na mimi si mtoto.

Githongo


Kitengela,
24 Septemba 2023

Kwa Baba Mdogo,

Mama hajambo. Sisi hatujambo. Nataka niyamalize hayo haraka nifike kwa lile uliloniuliza.

Maji hayamwagwi ukutani. Tuliacha tangu tulipoweka kabro. Tumejenga mtaro mzuri na maji yote yanaenda barabarani. Ulitaka nifanye nini? Matope yalikuwa yananuka, mbu walikuwa wengi, kila mtu aliyekuja kuangalia nyumba alikuwa anashika pua na kurudi. Hukuwahi kusema kwa nini! Mama Mdogo hakuwahi kusema kwa nini! Mtu anaambiwa amwage maji machafu kwa nyumba yake mwenyewe, bila sababu, miaka yote hiyo, na mimi ningejuaje kwamba hiyo ndiyo ilikuwa dawa?

Kwa sababu sasa nimejua. Jana Muturi alichimba kando ya namba nane atie nguzo ya kushikilia ukuta. Alitoa kabro, akachimba. Akafika mwisho wa msingi akaendelea kuchimba, na hapakuwa na jiwe. Hapakuwa na mawe ya kujaza. Ni ule udongo mweusi tu, umekauka, umejitenga na msingi hadi mkono wangu uliingia katikati. Nilitia mkono wangu mwenyewe, Baba Mdogo. Nyumba imeketi juu ya hewa upande huo. Lile tope la ng'ombe wa Simel ndilo liko pale chini, na mlijenga juu yake bila kulitoa. Ulijua?

Maji ya beseni yalikuwa yanaufanya udongo usikauke na kunywea. Ndiyo sababu, si ndiyo? Iandike tu, nione kwa mwandiko wako.

Rebecca bado yumo ndani na mtoto. Nimwambie nini? Ufa umefunguka tena na rangi yote imeanguka. Jibu haraka. Mpe Lemein siku hiyo hiyo. Nisipopata neno lako nitaita lori la maji, nirudishe hayo maji niliyounyima ukuta.

Mwihaki


Kajiado,
27 Septemba 2023

Mwihaki,

Usimwage maji. Nasema tena, usimwage.

Beseni kila siku ni jambo moja, lori kwa siku moja ni jambo lingine. Udongo huo ukishapasuka namna hiyo maji yanaenda moja kwa moja hadi chini, na ukinywa unavimba, na ukivimba hauulizi ni nini kiko juu yake. Utainua nyumba upande mmoja.

Mtoe Rebecca na mtoto leo. Mpeleke kwako, au kwa namba yoyote iliyo wazi. Mwambie tunataka kupaka rangi. Fukia shimo la Muturi. Funika ule ufa wa ardhi na karatasi ya nailoni ili mvua ikija isiingie.

Ningeomba Simel akupigie simu saa hii. Ameketi hapa karibu, simu iko mkononi mwake. Lakini itabidi nimweleze yote, na yeye aliniambia tangu siku ya kununua. Lemein anapita kesho asubuhi. Atafika kwako mchana.

Githongo


Kitengela,
15 Oktoba 2023

Kwa Baba Mdogo,

Barua yako ya tarehe ishirini na saba imenifikia jana. Gari la Lemein lilivunjika ekseli karibu na Isinya, akaliacha kwa gereji, na barua ikabaki kwa dashibodi muda huo wote. Aliniletea akiomba msamaha, maskini, hajui alichokuwa amebeba.

Nilikuwa nimeshamwaga. Nilingoja neno lako hadi nikashindwa. Nikaita lori, na mimi mwenyewe nikashika ile paipu na kuielekeza kwa ufa. Baba Mdogo, ardhi ilikunywa maji yote ya lori bila kuacha hata dimbwi. Ilikuwa inatoa mapovu na sauti, kama mtu mwenye kiu.

Siku kadhaa hapakutokea kitu. Halafu ufa wa ukuta ukaanza kujifunga wenyewe. Haki tulishangilia! Rebecca aliimba, akanikumbatia, akaniambia ashe oleng, asante sana ya kwao, mpaka nikaona haya. Nikajisikia mimi ni injinia.

Halafu sakafu ikainuka katikati. Vigae vikaanza kuruka kimoja kimoja. Mlango ukakataa kabisa, ikabidi Musau wa namba tano aupige teke. Na sasa ukuta unalia. Sijui niseme vipi kwa mtu asiyesikia. Inaanza kama mtu anasaga meno, polepole, halafu inakatika kwa mlio mmoja mkavu, na baadaye kimya. Na huo ukimya ndio mbaya, kwa sababu kila mtu katika ploti anaacha alichokuwa anafanya na kungoja.

Rebecca na Koinet wako kwangu sasa. Wapangaji wengine wanauliza kama ugonjwa huo utafika kwao. Wawili wametoa notisi. Mvua ya kwanza imenyesha juzi, ile ya kutoa harufu tu.

Nataka namba nane ibomolewe kabla mvua haijashika. Muturi yuko tayari. Nipe ruhusa. Sitaki kitu kingine kutoka kwako, hata samahani sitaki, nipe ruhusa tu.

Mwihaki


Kajiado,
29 Oktoba 2023

Maitu,

Mvua imefika huku kabla yenu. Mbuzi waliobaki wanatetemeka na Simel anaimba, naona koo lake. Msalimie Mama. Mwambie nimekula vizuri.

Habari ya kubomoa niliifikiria siku nyingi, ndiyo maana nimekawia. Jibu ni hapana. Ukibomoa moja, kesho watu watasema nyumba za Githongo zinaanguka, na zile saba nzuri zitabaki wazi, na wewe utakula nini, na Mama atakula nini? Hiyo ploti ni yako nikiondoka. Nilifikiri unajua. Sikujengea mtu mwingine.

Nyumba haijaangukia mtu. Imepasuka tu, na nyumba zote za Kitengela zimepasuka, uliza yeyote. Nitakuja mwenyewe. Nitalala namba nane, nitapika humo, nitaketi hapo mlangoni na kofia yangu wapangaji waone mwenye ploti ametulia. Wakiniona watarudisha mioyo yao. Wewe funga mtaro wako, rudisha sheria ya beseni, mvua ikiisha tutachimba vizuri hadi kwa jiwe. Niko na ufunguo wangu wa zamani.

Usijaribu kunikataza. Kwanza sitasikia.

Githongo


Kitengela,
Jumapili, 12 Novemba, saa tisa mchana

Baba Mdogo,

Ni Mwihaki. Niko hapa nje ya mlango wako. Nimegonga hadi mkono umevimba, kisha nikakumbuka ninamgongea nani. Hii karatasi naipitisha chini, kwa ile kona ambayo mlango umeachana na sakafu. Nimemwomba Musau asukume mwanzi nyuma yake ikufikie miguuni. Naomba Mungu uangalie chini.

Barua yako ya Oktoba imenifikia leo, na wewe mwenyewe ndiye umeileta! Lemein ameniambia umekuja naye asubuhi na barua iko mfukoni mwake, ati ulisema anipe ukishaingia. Nilikuwa kanisani na Mama. Anasema mlisukuma mlango pamoja ukafunguka, ukamwambia aende, ukaufunga.

Mvua imenyesha tangu saa tatu. Maji yote ya ploti za juu yanashuka huku nyuma, kabro imeyaongoza hadi kwa ukuta wako, na yanaingia chini. Hayatoki upande wa pili. Nimesimama nikaangalia yatoke, na hayatoki.

Ukuta unalia tangu nimefika. Hauachi tena. Watu wote wametoka nje, wamesimama kwa mvua karibu na geti, wanakuita jina. Ni wewe peke yako husikii.

Usijaribu kuupiga mlango kwa nguvu. Musau ana mtaimbo lakini anasema lenta imeegemea fremu, akiipiga inaweza kushuka. Tumempigia simu Muturi alete mashine ya kukata chuma. Yuko ng'ambo ya mto na daraja limefunikwa, anazunguka na barabara ya juu.

Ingia bafu. Kuta za pale ziko karibu karibu na bati si zito. Kaa humo. Usisimame upande wa nyuma.

Ukisoma hii andika neno lolote uisukume nje nijue uko hai. Mimi sikasiriki tena. Nasema kweli. Toka tu.

Mwihaki


(Nyuma ya karatasi hiyo hiyo)

Maitu,

Nimeiona. Nilikuwa ninapika chai, nikaona karatasi inatembea sakafuni peke yake, nikadhani ni panya wako.

Mlango nimeujaribu tangu adhuhuri, haufunguki. Dirisha la mbele ni bati lenu. La nyuma ni zile grili nilizochomelea mimi mwenyewe ili wezi wasiingie, na nilichomelea vizuri. Bafu haliendeki, sakafu imeinuka hadi mlango wake umebanwa wazi nusu na mwili wangu haupiti.

Ulitaka uone kwa mwandiko wangu. Ndiyo, nilijua. Simel aliniambia, na mimi nikamwona ni mchungaji tu, anajua nini kuhusu nyumba. Mwambie nimesema hivyo. Mwambie alisema kweli.

Unasema ukuta unalia. Mimi sisikii, lakini nimevua viatu na miguu inasikia. Sakafu ilikuwa inatetemeka kidogo kidogo. Sasa imeacha. Uliniandikia kwamba kimya ndicho kibaya.

Usingoje jibu lingine. Umeketi kwa hicho kizingiti, naona kivuli chako hapa chini ya mlango. Ondoka hapo ukutani, mwanangu. Ondoka sasa hivi.